Mshindani akimshawishi mteja wako avunje mkataba, unaweza kumshitaki?

Mkuu mleta mada, umesema mshindani wako alimfuata mteja wako mkubwa, mteja akavunja mkataba kabla muda haujaisha, na sasa unauliza kama unaweza kumshitaki huyo mshindani au unabanana na mteja peke yake. Unaweza, hasa kwenye nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza. Nilipitia jambo hili nikiwa msambazaji wa vipuri, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Kuporwa mteja na kuvunjiwa mkataba ni vitu viwili tofauti. Mteja asiye na mkataba nawe ni wa yeyote. Uingereza, miaka ya 1880, kampuni za meli ziliungana na kushusha nauli za mizigo ili kumtoa mwenzao kwenye biashara ya chai ya China. Mahakama ya juu kabisa ikasema huo ni ushindani halali, hata kama aliumia. (Siku hizi zipo sheria za ushindani, ila huo ni mjadala mwingine.) Naona walikuwa sahihi, la sivyo kila aliyezidiwa sokoni angekimbilia kortini.

Mkataba ukiwepo, mambo yanageuka. Kesi mama ni Lumley dhidi ya Gye ya 1853. Mwimbaji Johanna Wagner alikuwa na mkataba wa kuimba kwenye ukumbi wa Lumley, London. Gye, mshindani wa Lumley, akamshawishi kwa malipo makubwa zaidi ahamie kwake. Majaji wakakubali kwamba mtu wa nje anaweza kuwajibika kwa kuchochea mkataba uvunjwe. Kinachosahaulika ni kwamba shauri liliposikilizwa baadaye mbele ya wazee wa baraza, Gye alishinda, kwa kuwa walikubali kwamba aliamini kwa dhati kuwa mkataba ule haumbani mwimbaji.

Hapo ndipo kesi nyingi hufia: kujua. Katika kesi nyingine ya Uingereza, OBG dhidi ya Allan, mwaka 2007, ilisisitizwa kwamba lazima mshindani awe alijua kitendo chake kitavunja mkataba. Uzembe wa kutouliza hautoshi, ingawa aliyefumba macho makusudi huhesabiwa kuwa alijua. Na lazima mkataba uwe umevunjwa kweli.

Mshindani wangu mimi alikana kabisa kujua. Kilichombana ni barua pepe aliyomwandikia meneja manunuzi wa mteja, ambayo mteja alinitumia bila kujua ikiwa chini ya mlolongo wa barua nyingine: "Tozo ya kuvunja mkataba tutaibeba sisi." Huwezi kujitolea kulipa tozo ya mkataba usioujua. Wakili wake alipoisoma, waliomba tuyamalize nje ya mahakama.

Kwa hiyo tafuta karatasi kabla ya kutafuta wakili: barua pepe, ujumbe wa simu, nukuu za bei zenye tarehe. Mteja unaweza kumdai pia, ila hasara ileile hulipwi mara mbili. Mzigo uliokwama uuze kwingine na utunze risiti, maana mahakama itauliza ulifanya nini kupunguza hasara.

Na kama una wateja wengine anaowanyemelea, mwandikie leo barua ya kumjulisha kwamba mikataba hiyo ipo na inaisha lini, apokee kwa saini. Akiendelea baada ya hapo, hoja ya "sikujua" hana tena.