Kodi ya matumizi kwa lenzi iliyonunuliwa Japani na kamera iliyotoka Nairobi

SWALI: Ninaishi San Diego, California, na hupenda kupiga picha kwa kujifurahisha tu, bila kulipwa. Mwaka huu nimenunua lenzi iliyokwisha kutumika kutoka duka moja la Tokyo, kupitia tovuti yao wenyewe, kwa dola 1,200 na dola 45 za usafirishaji. Hawakunitoza kodi yoyote. Baadaye binamu yangu wa Nairobi aliniuzia kamera yake ya zamani kwa dola 300, akaituma kwa posta. Rafiki yangu anasema nadaiwa kodi na jimbo kwa vyote viwili. Je, kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikwisha kukilipia kodi huko kwao kinaweza kutozwa tena? Na si kuna msamaha wa dola 800?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amepatia nusu. Lenzi inadaiwa kodi, lakini kamera ya binamu yako, kwa jinsi ulivyoeleza, haidaiwi.

Kodi inayohusika hapa si ile ya mauzo, ambayo huwa juu ya muuzaji, bali ni kodi ya matumizi, ambayo huwa juu ya mnunuzi. California ilianza kutoza kodi ya mauzo mwaka 1933, na kufikia mwaka 1935 ikawa imeongeza kodi ya matumizi, ili mfanyabiashara wa jimboni anayelazimika kutoza kodi asiachwe nyuma na yule anayeuza kutoka nje bila kuitoza. Viwango vya kodi hizi mbili vinalingana. Kwa hiyo, unaponunua kitu nje ya jimbo ili ukitumie California, na muuzaji asikutoze kodi ambayo ungeitozwa dukani San Diego, wajibu wa kuilipa unakuwa wako.

Hoja yako ya kwamba kitu hicho kilikwisha kulipiwa kodi naisikia mara nyingi, na inaeleweka kwa mtu aliyezoea kufikiri kwamba kodi inakifuata kitu. Sheria haiangalii hivyo. Kinachotozwa ni kila mauzo ya rejareja yanapofanyika, si kitu chenyewe mara moja katika maisha yake, na ndiyo maana hata duka la mitumba la hapo mtaani kwako hutoza kodi juu ya kabati ambalo mwenyewe wa kwanza alilitozwa kodi miaka 20 iliyopita. Uchakavu wa lenzi unapunguza bei, na kwa njia hiyo unapunguza kodi, lakini hauiondoi.

Vilevile usitegemee kodi ya nchi ya kigeni ikupunguzie deni la California. Jimbo hukubali kukupunguzia kiasi ulichokwisha kulipa kama kodi ya mauzo au ya matumizi katika jimbo jingine la Marekani, lakini halikupunguzii kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza wala kodi ya Japani inayofanana na hiyo, ambayo tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10 kwa bidhaa nyingi. Dawa yake iko upande wa muuzaji: bidhaa inayosafirishwa moja kwa moja kwenda nje ya nchi kwa kawaida haitozwi kodi hizo, na duka lenye uzoefu wa kuuza nje huziondoa kwenye bei. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu kurejeshewa fedha baadaye ni kazi ngumu.

Suala la dola 800 linachanganya watu kwa sababu kiasi hicho kimetumika katika sheria mbili tofauti. Ya kwanza ni ya forodha ya serikali kuu, iliyoruhusu vifurushi visivyozidi thamani hiyo kuingia bila ushuru, na utaratibu huo ulisitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Huo ulihusu ushuru wa forodha pekee, na haukuwahi kugusa kodi ya jimbo. Ya pili ni ya California yenyewe: mtu akinunua vitu nje ya nchi na kuvibeba mwenyewe anaporudi, dola 800 za kwanza katika kipindi chochote cha siku 30 hazitozwi kodi ya matumizi. Ungekuwa umeinunua lenzi hiyo Tokyo ukarudi nayo mkobani, ungelipa kodi juu ya dola 400 zilizobaki tu. Msamaha huo hauhusu kitu kilichotumwa kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji, kwa hiyo lenzi yako haimo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kiwango cha San Diego mjini ni asilimia 7.75, yaani asilimia 7.25 ya jimbo zima pamoja na nyongeza ya eneo. Gharama ya usafirishaji iliyoandikwa peke yake kwenye ankara, isiyozidi gharama halisi, haitozwi, hivyo unadaiwa asilimia 7.75 ya dola 1,200, ambayo ni dola 93. Kama ankara inataja pia gharama ya kufungasha na kuhudumia mzigo, sehemu hiyo inatozwa.

Kabla ya kulipa, hata hivyo, itazame tena ankara. Tangu Oktoba 2019 masoko makubwa ya mtandaoni yanawajibika kukusanya kodi ya California kwa niaba ya wauzaji wao, na muuzaji wa nje ambaye mauzo yake ndani ya jimbo yanazidi dola 500,000 kwa mwaka naye anawajibika. Duka dogo linalouza kwa tovuti yake huenda halifikii kiasi hicho, na ndiyo sababu hukutozwa.

Kuhusu kamera, binamu yako ameuza kifaa chake binafsi na hafanyi biashara ya kuuza. Mauzo ya namna hiyo, yasiyo ya kibiashara, yamesamehewa kodi zote mbili, isipokuwa kwa magari, vyombo vya majini na ndege. Kama angekuwa anauza kamera mara kwa mara, hata bila duka, jibu langu lingekuwa jingine.

Kodi ya lenzi utailipa pamoja na marejesho yako ya mapato ya jimbo, fomu 540, mstari wa 91, kabla ya tarehe 15 Aprili mwakani. Maelekezo ya fomu hiyo yana jedwali la makadirio kulingana na kipato, ila linaruhusiwa kwa vitu binafsi vyenye bei chini ya dola 1,000 kila kimoja, kwa hiyo lenzi lazima uihesabu yenyewe. Usidhani haitajulikana: idara ya kodi ya jimbo, CDTFA, hupokea taarifa za mizigo kutoka forodha na huwaandikia wapokeaji. Tunza ankara ya Tokyo, pamoja na ujumbe mliokubaliana bei na binamu yako, kwani huo ndio utakaoonyesha kwamba kamera ilikuwa yake mwenyewe.