Ukienda kwenye kizuizi cha jeshi, nenda na daftari

Juzi binti mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimeomba nafasi ya kujitolea Palestina, kukaa kwenye vizuizi vya jeshi na kuangalia jinsi raia wanavyopita. Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa. Nishauri."

Marahaba, mdogo wangu. Hujachanganyikiwa. Nimeona nikujibu hapa hadharani, maana najua hauko peke yako. Kuna vijana wengi wa Dar wanaotamani kufanya kitu chenye maana kuliko kugombana mitandaoni kuhusu vita vya watu wengine.

Mimi nilikwenda 2018, kupitia mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mpango huo ulianza 2002, baada ya viongozi wa makanisa ya Yerusalemu kuomba wenzao duniani waje wakae nao na kushuhudia. Watu wa kujitolea hukaa kwa miezi mitatu hivi, wengine wakija, wengine wakiondoka. Habari za fomu, usaili na tiketi naziruka, hizo utaelekezwa. Nianzie getini.

Nilipangiwa Bethlehemu, mji wa Wapalestina ulioko Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa na jeshi la Israeli. Kizuizi kikubwa cha pale kinajulikana kwa namba, 300, na kipo kwenye ukuta unaoutenga mji na Yerusalemu. Ukuta wenyewe ulianza kujengwa 2002. Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa kijeshi ni kinyume cha sheria za kimataifa. Israeli inasema uliwekwa kuzuia mashambulizi ya kujitoa mhanga. Yote mawili uyajue kabla hujapanda ndege, kwa sababu utaulizwa.

Zamu ya alfajiri ilikuwa saa kumi usiku. Ukifika, tayari maelfu ya wanaume wako kwenye foleni, wengi mafundi ujenzi wanaokwenda kazini upande wa Israeli, wengine wametoka mbali huko Hebroni. Wamejipanga kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa nondo ubavuni na juu. Anayepanda kivuko cha Kigamboni Jumatatu asubuhi anaujua msongamano wa namna hiyo, ila pale Magogoni hakuna anayekudai kibali cha jeshi ili ukafanye kazi. Mbele kuna geti la chuma la kuzunguka. Askari akibonyeza kitufe, wanapita watu kadhaa. Akiachia, geti linajifunga, na aliyekuwa katikati anabaki amebanwa humo na mfuko wake wa chakula cha mchana. Vijana wanaparamia nondo ili wawahi mbele, wazee wanabaki chini wakisukumwa. Wanaume wanavua mikanda mapema na kuishika mkononi, wasije wakacheleweshwa kwenye mashine ya kukagua vyuma. Pembeni watu wanauza chai na mikate ya ufuta, na adhana ya alfajiri ikilia, wenye nafasi wanasali palepale.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilikuwa na kifaa kidogo cha kubonyeza, saa na daftari. Geti limefunguliwa saa ngapi, limefungwa saa ngapi, madirisha mangapi ya ukaguzi yana askari na mangapi matupu, nani karudishwa na ameambiwa nini. Ndiyo kazi yenyewe, na nilijivunia kuifanya vizuri. Bado najivunia.

Kuna geti la pembeni linaloitwa la kibinadamu, la wanawake, wazee na wagonjwa. Lisipofunguliwa, nao wanaingia kwenye nondo pamoja na wanaume. Asubuhi moja alikuja mama na mtoto wa kiume, pengine wa miaka minane, kavaa kofia ya sufi iliyomfunika mpaka nyusi. Walikuwa wanakwenda Augusta Victoria, hospitali ya Shirikisho la Kilutheri Duniani iliyoko Yerusalemu Mashariki, ambayo wakati ule ilipokea wagonjwa wa saratani kutoka Ukingo wa Magharibi na Gaza. Geti limefungwa. Mama akanyanyua bahasha ya hospitali ili askari aione kupitia kioo. Mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Mwenzangu akapiga simu ya dharura ya jeshi, mimi nikaandika saa. Mtoto akakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Tukapiga tena, nikaandika tena. Hatimaye akaja askari mwingine na ufunguo, msichana wa umri wa wale tunaowapeleka JKT baada ya kidato cha sita, akafungua bila kusema neno. Siwezi kudai ni simu yetu iliyofungua. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni mama yule alisimama pale kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: andika. Usiende na ile ya mgeni njoo mwenyeji apone. Hutamponya mtu. Watu wa pale wana akili zao, wana mawakili wao, wana subira ambayo mimi na wewe hatuna. Kinachowasaidia kutoka kwako ni kuwapo saa ileile kila siku na kuandika ulichokiona, siyo ulichokisikia.

La pili, usibishane na askari. Wapo kinamama wa Israeli wenyewe, kundi la Machsom Watch, waliokuwa wanasimama vizuizini tangu 2001. Hao wana haki ya kubishana, ni jeshi la nchi yao na wengine wamezaa watoto waliolitumikia. Nilikutana nao, wengi wa rika la mama yangu, wamesimama kwenye baridi na vitambulisho vyao kifuani. Walichonifundisha ni kilekile: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, andika kabla hujasahau.

La tatu, usiwe na upande wa kushangilia. Sisi tulifundishwa kwamba hatuegemei upande wowote katika ugomvi, lakini hatunyamazi haki za binadamu zikivunjwa. Vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walipouawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, nililia kama kila mtu hapa nchini. Baadhi ya watu wa karibu waliniuliza kama bado nina mdomo wa kuwasemea Wapalestina. Ninao. Fundi wa Hebroni aliyefungiwa kibali chake wiki ileile hakumuua mtu yeyote. Vibali vya wafanyakazi wengi vilisitishwa tangu wakati huo, kwa hiyo foleni niliyoihesabu mimi huenda usiikute. Vizuizi utavikuta: Umoja wa Mataifa mwaka 2025 ulihesabu zaidi ya 800 vya kila aina katika Ukingo wa Magharibi.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Niliporudi Dar, usharika mmoja ulionialika ulinipa dakika chache baina ya matangazo na mnada. Mzee mmoja wa kanisa akanikatiza mbele ya watu kwamba nisilete siasa madhabahuni, na kwamba lile ni taifa teule. Niliumia na bado naumia. Wachungaji wangu, mnaimba Bethlehemu kila Desemba! Watu wa Bethlehemu wapo, wana majina, wanaamka saa nane usiku kutafuta riziki. Wapeni nusu saa. Na wewe muumini unayechangia safari ya hija kwenda kwenye zizi la Yesu, ukifika pale muulize dereva wa basi lako kama yeye anaruhusiwa kulala Yerusalemu.

Mdogo wangu, jiandae na hilo kuliko unavyojiandaa na askari. Ukirudi usianze na usharika mkubwa, anza na jumuiya. Kwetu Tabata kinamama wa jumuiya walinisikiliza Jumamosi nzima, chai ikapoa. Hawakuniuliza nani ana haki na ardhi. Waliuliza choo kiko wapi kwenye ile foleni, mjamzito anapita wapi, anayerudishwa analipwa siku hiyo au halipwi. Kila swali nililijibu huku nafungua kurasa. Kwa hiyo nunua daftari gumu linaloingia mfukoni na penseli mbili, kwa sababu mvua ya Desemba kule inafuta wino.