Dada wa kazi naye aingie ndani

Nilipoanza kazi ya tiba ya matamshi na lugha hapa Dar, watoto wengi niliowapokea walikuwa wa shule za Kiingereza. Basi nami nikawapima kwa Kiingereza. Naonyesha picha, nauliza, mtoto kimya, naandika: amechelewa kuongea.

Siku moja mvulana wa miaka minne aliyenijibu maneno yasiyofika kumi alichomoka, akamkimbilia dada wa kazi aliyekuwa kwenye benchi nje: "Dada, kile kitabu kina mbuzi, amekula shuka akapigwa!" Niliona aibu. Kile, kitabu, kina: ngeli imekaa sawasawa, na kisa kina mwanzo na mwisho. Huyu alikuwa mzima; mimi ndiye niliyempima upande mmoja.

(Kipimo hicho cha ngeli usikipeleke Nairobi kavukavu. Kule hata watu wazima husema "kitabu imeanguka", na mtoto hufuata anachosikia.)

Tangu siku ile simpimi mtoto bila yule anayeshinda naye. Wazazi wengi wanatoka alfajiri kukwepa foleni, wanarudi mtoto keshalala. Anaomba maji kwa neno gani? Dada ndiye anayejua. Ukihesabu maneno, hesabu ya lugha zote pamoja: rangi na namba mara nyingi anazo kwa Kiingereza, vyakula na ugomvi kwa Kiswahili.

Akisema "miliki" kwa milk au "buku" kwa book, tulia. Ni Kiswahili kinachopenda kumaliza neno kwa irabu. Cha kukushtua ni mtoto anayekwama kotekote, asiyeelewa ukimtuma iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Huyo mpeleke, na aanze kwa kupimwa masikio. Mafua ya mara kwa mara huweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, akawa anasikia nusunusu. Kimeo mwachieni, hakicheleweshi kuongea, na kukikata ni kumtafutia mtoto damu bure.

Wala msimwondolee Kiswahili eti Kiingereza kije haraka. Niliwahi kushauri hivyo kwa mtoto mmoja. Bibi yake akabaki kumtazama tu.

Mazoezi siku hizi namkabidhi dada: kutaja viungo wakati wa kuoga, kusimulia walichokiona njiani kwenda dukani. Mama mmoja alikasirika, mbona karatasi ya mazoezi simpi yeye. Nikamuuliza, "Leo nani atamwogesha?"