Barakoa ya hewa baada ya upasuaji wa tumbo: tuidai?

SWALI: Daktari, shikamoo. Wiki ijayo mama yangu, miaka 63, anafanyiwa upasuaji mkubwa wa utumbo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipotoka chumba cha upasuaji alifungwa barakoa ya mashine inayosukuma hewa, tukaambiwa inazuia nimonia. Na sisi tumwombee mama barakoa hiyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msiidai kama kinga. Mashine hiyo huitwa CPAP. Utafiti wa PRISM, uliotolewa mwaka 2021, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,700 wa upasuaji mkubwa wa tumbo katika nchi 6. Waliofungwa barakoa hiyo mapema kwa angalau saa 4 hawakuwa na nafuu kuliko wenzao: nimonia, kurudishiwa mpira wa kupumulia na vifo havikupungua. Inapofaa ni pale oksijeni ya damu imeshashuka, na huenda jirani yenu alikuwa hivyo. Nayo ina madhara yake: huchubua pua, hujaza hewa tumboni, na mgonjwa akitapika akiwa ameivaa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kinachoharibu mapafu ni nusu kaputi, kulala chali na maumivu ya mshono. Mgonjwa anapumua juu juu, vifuko vya hewa vya sehemu ya chini vinajifunga, makohozi yanakwama humo na vijidudu vinazaliana.

Kwa hiyo nguvu zenu ziwekeni kwenye siku hizi zilizobaki. Utafiti wa Australia na New Zealand wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kikao kimoja tu cha dakika 30 kabla ya upasuaji, ambapo mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) anamfundisha mgonjwa zoezi la kupumua, kilipunguza matatizo ya mapafu kutoka wagonjwa 27 hadi 12 katika kila 100. Ombeni hicho. Akifundishwa baada ya upasuaji, ana usingizi na maumivu, hashiki kitu.

Zoezi lenyewe: akae wima, avute hewa polepole mpaka mbavu za chini zitanuke, aizuie sekunde 3 hadi 5, aitoe taratibu. Mara 10, apumzike kidogo, kisha 10 nyingine. Halafu akohoe mara 3 huku amekumbatia mto na kuubana juu ya mshono. Arudie kila saa akiwa macho, kuanzia anapozinduka. Akisikia kizunguzungu, anakimbiza pumzi; apunguze mwendo. Wengi hukohoa kwa koo tu wakiogopa mshono kufumuka, na makohozi hayatoki ng'o. Kikohozi kitoke tumboni, mto ndio unaoushikilia mshono.

Maumivu yakimzuia kuvuta pumzi, mwambieni muuguzi mapema. Kujikaza hapa si ushujaa. Ndugu watakaokuja na "mwacheni apumzike" wasikilizeni kwa adabu, kisha mketisheni kwenye kiti mara daktari atakaporuhusu, na atembee. Kama anavuta sigara, aache leo. Apige mswaki asubuhi na jioni hata akiwa wodini.

Muuguzi aitwe mara moja mkiona pumzi zaidi ya 25 kwa dakika, homa, makohozi ya kijani, midomo kuwa ya buluu au mama kuanza kuchanganyikiwa. Hapo sasa daktari ndiye ataamua kama ni oksijeni ya kawaida au barakoa ile ya jirani.