Kusaka ukoo Ireland: kitongoji kwanza, jina baadaye

Anayeanza kutafuta mababu wa Ireland hukimbilia jina. Anaandika "Patrick Murphy", majibu yanamwagika kwa mamia, naye anamchagua yule anayekaribiana na alichosikia nyumbani. Miti mingi ya ukoo huharibikia hapo. Majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo kabla ya kufungua daftari lolote unahitaji kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya mashamba machache tu, na ndivyo vilivyokuwa anwani ya mkulima wa karne ya 19.

Jina la kitongoji mara nyingi utalipata upande alikohamia mtu, si Ireland. Hati za uraia za Marekani za kabla ya 1906 kwa kawaida husema "Ireland" basi, hivyo usizitegemee. Tafuta cheti cha ndoa ya kanisani, tangazo la kifo na jiwe la kaburi, maana wahamiaji walipenda kuandikiwa parokia na kaunti walikozaliwa. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha matangazo ya kutafuta ndugu waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921, na mengi yanataja parokia. Ukipata jina kama Kilmore, usishangilie bado: Kilmore ziko kaunti nyingi.

Halafu ujue kilichopo na kisichopo. Serikali ilianza kusajili vizazi, vifo na ndoa za watu wote mwaka 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilitangulia, 1845. Picha za vyeti hivyo zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie: vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Kati ya sensa za kabla ya 1922, zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Four Courts, jengo la mahakama la Dublin, Juni 1922, pamoja na rejista nyingi za Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana. Madaftari ya Wakatoliki yalipona kwa sababu yalikuwa parokiani. Maktaba ya Taifa imeweka picha zake mtandaoni bure, mpaka karibu 1880. Mipaka ya parokia ya Kikatoliki hailingani na ile ya parokia ya kiserikali (eneo la utawala, si la kanisa), kwa hiyo pitia ramani kwanza.

Daftari lenyewe huenda likawa kwa Kilatini, hati ya haraka, wino umefifia. Chukua mstari wa mfano: "Bapt. Mariam f. l. Jacobi Murphy et Honorae Sullivan de Kilmore. Sp. Daniel Sullivan et Brigida Murphy." Maana yake: amebatizwa Maria, binti halali wa James Murphy na Nora Sullivan, wa Kilmore, wasimamizi ni Daniel Sullivan na Bridget Murphy. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Honora ni Nora. Thaddeus mara nyingi ni Timothy na Eugenius ni Owen. Mama ameandikwa kwa jina la kwao, na hiyo ni zawadi kubwa. Usiwaruke wasimamizi: mara nyingi ni kaka wa mama au dada wa baba. Kama kuna akina James Murphy wawili wa rika moja, orodhesha watoto wote wa kila wenzi na wasimamizi wao. Koo mbili zitajitenga zenyewe.

Ndoa itafute parokia ya bibi harusi, hasa wiki za kabla ya Kwaresima, maana ndani ya Kwaresima hazikufungwa. Mtoto wa kwanza naye huenda akabatizwa kwao mama. Maneno "in 3° gradu" kando ya ndoa yanaonyesha kibali cha kuoana ndugu wa daraja la tatu: babu au bibi zao walikuwa ndugu wa kuzaliwa.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanajua kwamba ndoa huandikwa pia kwenye daftari la ubatizo. Ireland nako, kwa waliooa au kuolewa baada ya 1908, pambizo la ubatizo linaweza kukutajia kanisa la New York na tarehe. Hayo yako zaidi kwenye madaftari ya baada ya 1880, kwa hiyo mwandikie paroko. Mpe majina ya wazazi na kipindi kisichozidi miaka mitano, la sivyo hatakuwa na muda nawe.

Umri usiuamini. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa Januari 1909, na kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 wapo waliojiongezea umri ili waipate, wakazeeka miaka 15. Wala usishtuke mtoto akibatizwa kabla ya "kuzaliwa": wazazi waliochelewa kusajili walisogeza tarehe mbele kukwepa faini. Ubatizo ndio wa kuaminika zaidi. Jina la ukoo litafute lenye O' au Mac na lisilo nayo. Herufi hizo zilidondoka na kurudi.

Makaburini, Mkatoliki unaweza kumkuta kwenye uwanja wa zamani wa Kanisa la Ireland, kwani familia nyingi zilizika hapohapo walipozikwa wazee wao. Maskini wengi waliwekewa jiwe la shambani lisilo na neno. Penye maandishi, usitumie brashi ya waya, dawa, chaki wala povu la kunyolea. Vyote hula jiwe. Usibandue kuvu wala mmea unaotambaa, huja na uso wa jiwe. Mwangaza ndio dawa: elekeza tochi au kioo kutoka ubavuni, karibu sambamba na jiwe, na herufi zilizolika zitatoa kivuli. Piga picha ya jiwe zima, kisha mstari kwa mstari, kisha majirani pande zote, kwa kuwa ndugu walizikwa karibukaribu. Angalia pia aliyelisimamisha jiwe: huenda ni mwana aliyerudi kutoka Marekani miaka 30 baadaye, akaandika umri wa mama yake kwa kukisia. Umri huo upambanishe na cheti cha kifo kabla hujauingiza kwenye mti.