Gari la zimamoto lilifika, maji yakaisha: tununue pikapu au tuchimbe silanga?

SWALI: Salamu, Mhariri. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu wa kijiji kimoja cha Kaunti ya Machakos tunaoishi hapa Nairobi. Safu ya maduka ya sokoni kwetu iliteketea mwaka uliopita. Gari la zimamoto lilifika, likamwaga maji kwa dakika chache, kisha likaondoka kwenda kutafuta mengine, na liliporudi hapakuwa na cha kuokoa. Tumechanga pesa, lakini chama kimegawanyika: vijana wanataka tununue pikapu tuifunge tangi na pampu, wazee wanataka tuchimbe silanga, yaani bwawa la kuhifadhi maji. Nani ana hoja?
Mweka hazina, Kayole

JIBU: Wazee wana hoja nzito zaidi, ingawa silanga ambayo gari haliwezi kuifikia haitawafaa kitu. Mpira mmoja wa kuzimia moto hutumia kiasi cha lita 400 hadi 500 kwa dakika, kwa hiyo gari lenye lita 4,000 huishiwa kwa dakika nane hadi kumi hata likiendeshwa na wazimamoto hodari kuliko wote. Pikapu ni mbaya zaidi, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na pikapu ya kawaida ikishabeba lita 1,000 imefika kikomo chake; mpira huohuo utayamaliza kwa dakika mbili au tatu. Hata lori la maji la lita 10,000, likitumia dakika 40 kwenda kujaza, kurudi na kumwaga, huwapa wastani wa lita 250 tu kwa dakika.

Mtauliza ni maji kiasi gani yanayotosha. Nchini Marekani, ambako vijiji vingi havina mabomba ya zimamoto, shirika la NFPA, linaloweka viwango vya kujikinga na moto, lina kiwango nambari 1142 kinachohusu jambo hili hasa. Kiwango hicho hakikubali chini ya galoni 2,000, yaani takriban lita 7,600, hata kwa jengo dogo, na kwa nyumba ya makazi au shule yenye kuta za mawe na paa la mbao hesabu yake hukaribia lita 19 kwa kila mita ya ujazo. Bweni la mita 30 kwa 8, lenye kimo cha mita 3, linahitaji basi karibu lita 13,700, na likiwa na jengo jingine lisilo dogo ndani ya mita 15 kiasi hicho huongezwa kwa nusu. Maduka yenye magodoro, nguo na mafuta ya taa huhitaji zaidi ya hapo. Sisemi kwamba kanuni ya Wamarekani ni sheria kwetu, ila inatoa kipimo cha kuanzia, nacho kiko ndani ya uwezo wa chama chenu.

Ningeanza na matangi mawili ya lita 10,000 kando ya jengo lenye paa kubwa la mabati, kama kanisa au shule. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 300 za mraba, mvua ikinyesha milimita 50, hukusanya lita 15,000 kabla ya kutoa zinazopotea. Shida ya tangi la kijiji ni kwamba kiangazi kikifika linakaushwa kwa kufua na kupikia, na hakuna kamati iliyowahi kushinda kiu kwa kuandika tangazo ukutani. Mwambieni fundi aweke matoleo mawili, yaani sehemu mbili za kutolea maji. Koki ya matumizi ya nyumbani ifungwe katikati ya kimo cha tangi, na toleo la zimamoto liwe chini kabisa. Maji yakishuka hadi katikati, koki ya juu hukauka yenyewe na nusu iliyobaki hungoja moto. Toleo hilo la chini liwe la milimita 65 au zaidi, kwani bomba la nusu inchi linalotoa lita 20 kwa dakika lingechukua zaidi ya saa nane kumwaga lita 10,000. Kabla fundi hajanunua chochote, nendeni kituo cha zimamoto cha kaunti mwone kiungio cha mipira yao kwa macho. Kiungio kisipolingana, maji yapo na hayatoki.

Silanga ije baadaye, nayo ina masharti yake. Pampu ya gari hainyonyi maji kutoka kina chochote tunachotaka, kwa kuwa yanasukumwa juu na uzito wa hewa. Pwani ukomo wa nadharia ni kama mita 10, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,600 unashuka hadi mita 8 na nusu, na ukitoa msuguano wa bomba, msipange zaidi ya mita 5 kutoka uso wa maji hadi pampu. Pimeni mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu katika maeneo makavu ya Ukambani jua linaweza kunywa karibu mita 2 za kina kwa mwaka. Lazeni bomba la kudumu kutoka majini hadi ukingo wa barabara, lenye kichujio kilichozama walau sentimita 60 ili lisivute hewa, na lori lipate mahali pagumu pa kusimama na kugeuza. Udongo mweusi ukilowa humeza gurudumu lote. Wekeni ua, watoto wasizame. Mkifikiria kuziba mkondo wa mto, mtahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Bwawa la mchanga, yaani ukuta unaoziba mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji, halifai kunyonywa moja kwa moja, maana maji yake hupita polepole kati ya chembe.

Kuhusu gari, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne inakabidhi huduma za zimamoto kwa kaunti. Pelekeni dai la gari kwenye vikao vya umma vya bajeti, na pesa zenu ziende kwenye maji.

SWALI: Shule ya kwetu Kajiado ina kisima kirefu chenye pampu ya umeme. Je, bado tunahitaji tangi?
Mzazi, Ruai

JIBU: Ndiyo. Kisima kinachotoa lita 3,000 kwa saa kinawapa lita 50 kwa dakika, na jengo likiwaka, swichi kuu ya umeme ndiyo ya kwanza kuzimwa. Kitumieni kujaza tangi usiku na mchana, liwe mbali na mabweni kwa sababu plastiki huyeyuka kwa joto. Wekeni pia ndoo zenye mdomo mpana, kwani mtungi wa lita 20 wenye shingo nyembamba hauwezi kumwagwa kwa haraka.