Nyumba ya urithi na deni la sola lenye ubishi

SWALI: Mama alifariki akiwa Marekani. Mnunuzi wa nyumba yake amepatikana, ila upekuzi wa hatimiliki umeonyesha fomu ya UCC-1 (tangazo la mdai kwamba ana haki juu ya mali fulani) ya kampuni ya sola. Risiti zinaonyesha deni lilikwisha, kampuni inakana. Nifanyeje?

JIBU: Tazama kwanza tarehe ya usajili. Kwa kawaida UCC-1 hudumu miaka 5, na hukoma isipohuishwa ndani ya miezi 6 ya mwisho. Kisha soma mkataba: ni mkopo au ukodishaji? Hapa ndipo wengi hukwama, maana paneli za kukodi hazikuwa mali ya marehemu hata kama hadaiwi senti. Mnunuzi akubali kuuchukua mkataba, au ulipwe umalizwe.

Ikiwa ni mkopo uliolipwa, msimamizi wa mirathi (si mrithi yeyote tu) aiandikie kampuni, aambatishe risiti na barua ya mahakama inayomtambua kuwa msimamizi, adai fomu ya UCC-3, yaani ya kufuta UCC-1. Tangu ipokee dai, kampuni ina siku 20 za kuitoa. Fomu hiyo isajiliwe palepale ilipo UCC-1, mara nyingi masjala ya ardhi ya kaunti. Ikisajiliwa ngazi ya jimbo tu, upekuzi utaendelea kuonyesha dai.

Ubishi ukirefuka, ombeni kiasi kinachodaiwa kishikwe na wakala wa amana (mtu wa kati anayetunza fedha za mauzo) ili mauzo yaendelee. Paneli msing'oe: paa litavuja, na kampuni itapata dai jipya.